Wabajuni: Watu wa Pande Mbili za Mpaka

Msomaji, kila mtu huulizwa jina lake na kwao. Maswali haya mawili huonekana mepesi, na mtoto mdogo huyajibu bila ya kufikiri. Lakini wako watu duniani ambao kwao maswali haya ni mazito, kwani jibu walilo nalo halikubaliwi na yule aulizaye. Wakisema, "Sisi ni wa hapa," huambiwa kuwa wao ni wa ng'ambo; nao wakivuka ng'ambo, huambiwa kuwa wao ni wa huku. Katika insha hii nataka kukusimulia habari za watu wa namna hiyo. Hawako mbali nasi. Ni Wabajuni wa pwani ya kaskazini, na mmoja wa miji yao ni Kizingitini.

Ukitoka mji wa Lamu kwa mashua ukaelekea kaskazini na mashariki, utapita katika mkondo mwembamba wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, kisha utakikuta kisiwa cha Pate. Ukikizunguka kwa upande wa kaskazini utafika Faza, na mbele yake kidogo utafika Kizingitini. Huu ni mji wa wavuvi. Asubuhi mashua hurudi na samaki, kamba, kaa na pweza, na ufuo hujaa sauti za wauzaji na wanunuzi. Kizingiti, kama ujuavyo, ni ule ubao ulio chini ya mlango. Hutenga chumba na chumba, lakini nyumba hubaki moja. Nakuomba uiweke maana hiyo moyoni, kwa sababu habari nitakayokueleza ni ya nyumba moja iliyotiwa ukuta mahali palipokuwa na kizingiti.

Nchi ya Wabajuni ni ndefu na nyembamba. Yaanzia kisiwa cha Pate, yapita Ndau, Kiwayu, Mkokoni na Kiunga, yavuka Rasi ya Kiamboni, kisha yafuata msururu wa visiwa vidogo kama vile Chula, Chovai na Koyama mpaka Kismayu. Jina lao la kale ni Watikuu. Yasemwa kuwa Tikuu ni "nti kuu," yaani nchi kuu, maana yake bara iliyowaelekea watu wa visiwani. Na lugha yao huitwa Kitikuu au Kibajuni. Majirani zao wa Lamu wamezoea kuwaita Wagunya. Basi waona kwamba watu hawa wana majina matatu, na kila jina lina mwenyewe aliyelitoa. Si ajabu kwa watu wanaokaa njiani pa wengine.

Wazee wao husimulia kuwa asili yao ni Shungwaya, nchi ya kale ya kaskazini ambayo Wamijikenda pia huitaja katika mapokeo yao. Wanahistoria wamebishana sana juu ya mahali ilipokuwa Shungwaya, na wengine huiweka karibu na Bur Gao, katika pwani ya kusini ya Somalia. Husimuliwa pia kwamba koo za Wabajuni ni kumi na nane, na kwamba baadhi yake zilitoka kwa watu wa bara waliokuwa wafugaji, nyingine kwa wageni waliokuja kwa bahari. Usidhani kuwa mchanganyiko huo wawapunguzia Wabajuni asili yao. Kabila halifanani na maji ya mvua yaliyoanguka kutoka wingu moja. Lafanana na mto, ambao hupokea vijito vingi na bado una jina lake na njia yake.

Kilichowafunga watu wa koo hizo pamoja ni lugha. Kibajuni ni lahaja ya Kiswahili, tena ni mojawapo ya lahaja za kaskazini. Wataalamu wa lugha, kama vile Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha mwaka 1993, wameonyesha kwamba Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kingazija na ndugu zake ni matawi ya shina moja waliloliita Sabaki. Katika tawi la Kiswahili, Kibajuni kina alama zake. Mahali pengi ambapo sisi twatamka "t", Mbajuni hutamka "ch". Tatu kwake ni "chachu", na tano ni "chano". Mtu kwake ni "mchu". Hii si makosa ya ulimi. Ni kanuni, nayo hufuatwa kwa utaratibu uleule kama kanuni za lugha yoyote nyingine.

Baada ya lugha huja kazi. Wabajuni walikuwa mabingwa wa chombo kiitwacho mtepe. Mtepe haukupigwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne. Kwa kuwa ulishonwa, mwili wake ulilegea kidogo ulipogusa mwamba au mchanga, wala haukuvunjika upesi kama chombo cha misumari. Mitepe ilichukua boriti za mikoko na kuzipeleka miji ya kusini, mpaka ilipotoweka katika karne ya 20. Mmoja ulioundwa kwa mfano wa ile ya kale uliwekwa katika jumba la Beit al-Ajaib, Unguja; na jumba hilo lilibomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba, 2020. Waona jinsi kumbukumbu iliyowekwa mahali pamoja inavyoweza kuangukiwa na dari.

Ustadi mwingine ulikuwa wa kumvua kasa kwa msaada wa samaki. Yuko samaki aitwaye chazo, mwenye kitu kama sahani ya kunyonyea juu ya kichwa chake, ambaye hugandama juu ya papa na kasa. Mvuvi alimfunga chazo kamba mkiani, akamwachia majini karibu na kasa; chazo akagandama, na mvuvi akavuta kamba taratibu. Mtaalamu wa Kitaliana, Vittorio Grottanelli, aliandika habari za maisha ya wavuvi hawa katika kitabu alichokitoa mwaka 1955. Siku hizi kasa wamekuwa haba na sheria huwalinda; lakini elimu ile ya tabia za viumbe vya bahari ilikuwa elimu ya kweli, iliyopatikana bila ya chuo.

Wala usifikiri kuwa Mbajuni ni mvuvi tu. Alikuwa mkulima pia. Wengi waliokaa visiwani walikuwa na mashamba bara, wakavuka wakati wa mvua kulima mahindi, mtama na pamba, kisha wakarudi na mavuno. Kwa kazi ya kufyeka na kuchoma msitu walikuwa na nyimbo zao, ziitwazo vave, na kwa kazi ya bahari walikuwa na kimai. Katika nyimbo hizo mtoto alijifunza majina ya miti, ya nyota, ya pepo na ya miamba. Kwa hiyo mkulima aliyeacha shamba lake aliacha pia wimbo wake, na jambo hili tutalirudia.

Sasa tutazame taabu zilizowapata. Taabu haikuanza jana. Mwaka 1587 manowari za Wareno zilitoka Goa kuja kuiadhibu miji ya pwani iliyompokea Amir Ali Bey, nahodha wa Kituruki. Faza iliadhibiwa kuliko miji mingine yote. Watu waliuawa, mfalme wao pia akauawa, na minazi ikakatwa kwa maelfu. Katika miaka ya 1840 kisiwa cha Pate kilikuwa tena uwanja wa vita, Sayyid Said wa Unguja alipotaka kuitiisha Siyu. Jemadari wake, Amir Hamad, aliuawa, na kaburi lake liko Faza. Lakini vita vile, pamoja na ukali wake, havikuwagawa Wabajuni. Adui alikuja, akapiga, akaenda zake; na mashua za Kizingitini ziliendelea kwenda Kismayu kwa kusi na kurudi kwa kaskazi kama zamani.

Kilichowagawa hakikuwa upanga bali kalamu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mipaka ya milki ya Sultani wa Unguja bila ya kuwauliza waliokaa ndani yake. Mwaka 1895 nchi ya Kenya ya leo, pamoja na nchi ya mto Juba hata Kismayu, iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1915, katika mapatano ya siri yaliyofanywa London, Italia iliahidiwa malipo ikiwa itaingia vitani upande wa Uingereza na Ufaransa. Sehemu ya malipo hayo ikawa nchi ya Juba. Mkataba wa kuitoa ulitiwa sahihi mwaka 1924, na tarehe 29 Juni, 1925, Kismayu na visiwa vyake vikakabidhiwa Waitaliana. Mpaka ukakatwa pwani karibu na Kiamboni. Fikiri, msomaji: kijana wa Kizingitini aliyeposa Chula mwaka 1924 alikuwa akioa kwao, ndugu yake aliyeposa huko mwaka 1926 alikuwa akioa nchi ya kigeni. Wala mmoja katika wao hakuwa amehama.

Mwanzoni mpaka huo haukuwazuia sana, kwa kuwa bahari haina ukuta. Ukuta ulipanda baada ya uhuru. Somalia ilipata uhuru wake kamili tarehe 1 Julai, 1960, na Kenya ikapata wake tarehe 12 Desemba, 1963. Uhuru ni neema kubwa. Lakini serikali hizi mbili zilirithi mpaka pamoja na ugomvi wake. Somalia ilidai sehemu ya kaskazini mashariki ya Kenya, na vita vya mashifta vikazuka. Vilidumu mpaka mapatano ya Arusha ya mwezi wa Oktoba, 1967. Wabajuni wa bara, ambao hawakuwa na sehemu katika ugomvi ule, waliporwa na kuuawa. Vijiji kama Rubu na Ishakani vikahamwa, mashamba yakageuka vichaka, na watu wakakimbilia visiwani, Lamu, Malindi na Mombasa. Hapo ndipo vave ilipoanza kunyamaza. Wimbo wa kuchoma shamba hauna mahali pa kuimbwa pasipo na shamba.

Wale wa upande wa pili walipatwa na mabaya zaidi. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwezi wa Januari, 1991, kila mtu alikimbilia kwa ukoo wake kutafuta ulinzi, na koo zenye silaha zikatawala. Wabajuni hawakuwa na jeshi. Hawakuhesabiwa kuwa Wasomali wa damu, na hivyo hapakuwa na mtu wa kulipiza kisasi chao. Nyumba zao na vyombo vyao vilinyang'anywa. Wengi walipanda mashua wakafuata pwani kuelekea kusini, njia ileile ya babu zao, ila safari hii waliitwa wakimbizi. Baadhi yao waliwekwa katika kambi ya Jomvu, karibu na Mombasa. Walizungumza lugha ya pwani, waliswali katika misikiti ya pwani, na wengine walikuwa na jamaa huku. Lakini karatasi zilisema kuwa ni wageni.

Na Mbajuni wa Kenya naye hakusalimika. Yeye huonekana Msomali mbele ya macho ya ofisa asiyeijua pwani, na mara nyingi kijana anayetaka kitambulisho ameulizwa maswali mengi kuliko mwenzake wa bara. Basi huku ni Msomali, na huko si Msomali. Hii ndiyo hali niliyoitaja mwanzoni mwa insha.

Wabajuni si peke yao katika jambo hili. Huko Nepal, chini ya milima ya Himalaya, wako watu waitwao Wamadhesi. Wakaa katika nchi tambarare ya Tarai, mpakani na Bara Hindi, nao wasema lugha zisemwazo pande zote mbili, kama vile Kimaithili na Kibhojpuri. Mpaka wao ulitokana na mkataba wa Sugauli wa mwaka 1816, uliokwisha kufuata vita kati ya Nepal na Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki. Kwa muda mrefu watu wa milimani waliwatazama Wamadhesi kama Wahindi, na wengi wao walikosa hati za uraia. Mwaka 2007 waliinuka kudai haki zao. Na katiba mpya ilipotangazwa mwezi wa Septemba, 2015, waliona kuwa imewapunja, wakainuka tena, na watu wengi wakapoteza maisha. Leo mmojawapo wa mikoa saba ya Nepal huitwa Madhesh. Wengi katika watu hao hawakuomba kuiacha Nepal. Waliomba kuwa Wanepal bila ya kulazimishwa kuacha ulimi wao na desturi zao. Ombi hili ndilo la Mbajuni pia, naye ameliomba kwa sauti ya chini zaidi.

Sasa nataka kukueleza jambo lililonifundisha mimi mwenyewe. Nilipotoka chuo cha ualimu nilipewa darasa lenye mvulana mmoja wa Kizingitini. Katika insha yake aliandika kwamba baba yake alivua "samaki wachachu." Nilisoma sentensi ile mbele ya darasa, nikauliza kama samaki wale walikuwa wameoza. Watoto wakacheka, nami nikacheka. Nilikata neno lile kwa wino mwekundu. Mvulana yule alikuwa amesema kwamba baba yake alivua samaki watatu. Tangu siku ile aliandika insha fupi, zisizo na kosa wala uhai.

Nilikuwa nikiitumikia sanifu, na sanifu ina faida yake. Mkutano uliofanywa Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Kwa kazi ile leo mtu wa Kizingitini na mtu wa Kigoma waweza kusoma kitabu kimoja. Lakini kuchagua lahaja moja kwa ajili ya shule si kuzihukumu nyingine kuwa makosa. Mimi sikuwa nimeyatenga mambo haya mawili.

Miaka michache baadaye nilisoma habari za Wabajuni waliofika Uingereza kuomba hifadhi. Hawakuwa na hati, kwa kuwa serikali iliyopaswa kuwapa ilikuwa imekwisha. Maofisa wakawapima kwa maswali juu ya visiwa vyao, na kwa lugha. Mwaka 2004 baraza la rufani la wahamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi juu ya jambo hili hasa, yaani kama mtu asiyejua Kibajuni aweza kukubaliwa kuwa Mbajuni. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka mvulana wangu. Neno lililochekwa darasani kwangu lilikuwa, katika chumba kingine cha mbali, shahidi wa mtu asiye na shahidi mwingine. Asema "chachu," na pengine aponywa. Asema "tatu," na pengine arudishwa. Tena mizani hiyo ina dhuluma yake, kwa maana Mbajuni aliyekulia kambini au mjini, aliyefundishwa kuuonea haya ulimi wa mama yake, aweza kupoteza haki yake kwa sababu alikuwa mwanafunzi mtiifu.

Huenda ukaniuliza, "Je, mwalimu, huu si ukabila?" Swali lako ni jema. Ukabila ni kumnyima mwenzako haki kwa sababu ya asili yake. Kuijua asili yako mwenyewe si kumnyima mtu kitu. Mbajuni ni Mswahili, ni Mkenya au Msomali, na ni Mbajuni, kama vile mtu mmoja awezavyo kuwa mwana, baba na jirani siku moja. Atakayemlazimisha kuchagua moja na kuyatupa mengine ndiye mkabila.

Wala usidhani kuwa haya ni mambo ya kale yasiyo na kazi leo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi, katika kesi ya bandari mpya ya Lamu, iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7, na ikakubali kwamba haki ya watu wa Lamu juu ya utamaduni wao imevunjwa. Zingatia kuwa ili mahakama iseme utamaduni umevunjwa, ni lazima kwanza watu waweze kueleza utamaduni huo ni nini: maji gani, chombo gani, msimu gani. Tena tarehe 12 Oktoba, 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu juu ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya, na Kenya haikuikubali. Mistari bado yachorwa juu ya maji yaleyale. Mtu asiye na maneno ya kuyaeleza maji yake atasomewa mstari na wengine.

Basi, msomaji kijana, nakupa kazi, uwe Mbajuni au usiwe. Chukua daftari. Nenda kwa babu yako au bibi yako, umsalimu kwa heshima, umwulize majina ya samaki, ya pepo, ya miti na ya mahali ambapo watu walikaa kabla ya kuhama. Andika kama atamkavyo, wala usimsahihishe. Weka nakala nyumbani, weka nyingine shuleni, na nyingine kwa rafiki wa mbali, ili dari moja ikianguka isiangukie yote.

Nami, kila mwaka ninapopata darasa jipya, huandika "tatu" na "chachu" ubaoni, moja kando ya jingine, kabla sijafungua kitabu. Wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Yafaa tuongeze kwamba mwenye kumcheka mtu kwa asili yake humsaidia kuwa mtumwa, ijapokuwa ni mwalimu wake.